Ada ya Kadi na Ncha za Shuka

Tii! Giza lilikuwa bado nene mashine ya kadi ilipolia jikoni, kimlio chembamba kama cha kifaranga. Bibi akafungua jicho moja. Mara akasikia mkamwana wake akinong'ona: "Habari za asubuhi, meneja. Samahani, meneja. Kuanzia leo, meneja..." Kisha tena: "Habari za asubuhi, meneja."

Bibi alivaa kandambili zake akaenda kuchungulia.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mashine, mama. Yenyewe angalau haikatai."

Wawili hao walikuwa na kazi ya kufua nguo nyuma ya nyumba: mashine tatu, kamba za kuanikia, na meza ndefu ya pasi. Waliokuja na mashati yao walilipa mkononi wakaenda zao. Mteja mkubwa alikuwa nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, iliyoleta mashuka kwa magunia, na meneja wake alilipa kwa kadi ya ofisi. Kila kadi ilipopita, benki ilimega kipande chake, na kipande hicho kilitoka kwa dobi, si kwa meneja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kwamba haba na haba hukimaliza vilevile. Mwisho wa mwezi, vile vipande vikijumlishwa, vilikaribia mshahara wa Dada wa Pasi, mfanyakazi wao.

Na Dada wa Pasi ndiye aliyemjazia Bibi chupa ya maji ya moto kila jioni kabla ya kwenda kwake, bila kuombwa, akaikaza kifuniko nusu tu kwa sababu alijua vidole vya Bibi vinauma. Ada ikiendelea kukatwa upande wao, mwezi huu ungekuwa wake wa mwisho. Mwenyewe alikuwa hajaambiwa. Nani angeanza?

Dawa ilikuwa fupi: biashara inayolipa kwa kadi iongeze ada hiyo yenyewe. Kazi ilikuwa kumwambia meneja. Wiki iliyopita mkamwana alikwenda kumwambia, akarudi amekunja uso.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia tutamfulia foronya bure."

Bibi alilazimika kukaa. "Ulikwenda kupandisha, ukarudi umeshusha?"

"Aliniangalia, mama!"

Basi asubuhi hiyo Bibi akawa meneja. Alisimama kando ya jiko, akainua kidevu, akaweka mikono nyuma na kutoa tumbo ambalo hakuwa nalo. "Enhe? Unasemaje wewe?" Mkamwana akafungua mdomo, kikamtoka kicheko badala ya neno. Wakaanza upya. Mara ya pili Bibi mwenyewe ndiye aliyeharibu. Mara ya tatu walicheka mpaka jirani akagonga ukuta, nao wakazibana midomo kwa taulo za watu, wakazidi kutikisika.

"Twende wote," Bibi akasema, akifuta machozi. "Ukianza kugawa foronya, nitakufinya."

Stoo ya nyumba ya wageni ilikuwa chumba chembamba chenye rafu mpaka darini. Meneja aliwapokea kwa kidevu kile kile, Bibi akajiuma ulimi asicheke. Kama kawaida yake, hakuamini shuka lililokunjwa. Alichukua la kwanza katika mzigo waliomletea, akalikung'uta likafunguka lote, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha akitafuta doa. Hakuna. Akageuka kuwaita wasichana wa vyumba waje walikunje. Wote walikuwa ghorofani.

"Shika tu hizo ncha mbili, baba," Bibi akasema. "Huyu atashika za huku." Akamsukuma mkamwana wake mbele.

Mtu aliyeshika ncha mbili za shuka safi hawezi kukunja mikono kifuani. Hawezi kutazama saa. Akiziachia, linaanguka sakafuni. Bibi aliliona hilo palepale, akamfinya mkamwana wake kiunoni.

"Meneja," mkamwana akaanza, wakilikunja kwa urefu, "ile kadi yako..."

"Ina nini?"

Hapo ilibidi wasogeleane ncha zikutane. Pua kwa pua.

"Benki inatukata kila ukiipitisha," akasema haraka. "Tumechoka kukatwa. Kuanzia mzigo huu, ada hiyo utaiongeza wewe."

"Hapana." Meneja akarudi nyuma, lakini mkunjo mwingine ulikuwa unamsubiri, akarudi tena mbele. "Kwa nini niongeze mimi?"

"Bei ya kufua haijabadilika. Ukituma moja kwa moja kwenye akaunti, hakuna nyongeza hata senti."

"Kadi inanipa nafasi ya kulipa mpaka mwisho wa mwezi."

"Basi nafasi ni yako, na ada yake ni yako!"

Mkamwana alishangaa mwenyewe jinsi neno hilo lilivyomtoka. Akaangalia kidevu cha meneja kilichokuwa shubiri moja kutoka usoni kwake, akakumbuka tumbo la Bibi jikoni, na kicheko kikampasuka. Bibi akadhani yameharibika. Mkamwana alicheka akiwa amelikumbatia shuka, akiomba radhi, akicheka tena.

Mabega ya meneja yakaanza kucheza.

"Mnajua," akasema, na sauti ikamponyoka, "mimi wageni wangu wa makampuni nawaongezea ada hiyo tangu mwaka jana. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo wiki nzima!"

Wakacheka wote watatu mpaka rafu zikatetemeka. Katikati ya kucheka, mikono yake ikiwa imejaa shuka, meneja alimwona Bibi ameegemea ukuta, akamvutia kiti kwa mguu. Bibi akaketi, na moyoni akamwongezea alama.

"Haya, nitalipa ada. Na foronya zilipiwe," meneja akasema. "Siku ile nilishangaa, lakini nani anakataa cha bure?"

Kadi ikapita, na ada yake juu. Mkamwana akaitazama risiti, akambusu Bibi kwenye paji la uso. Dada wa Pasi angebaki kazini.

Walipofika mlangoni meneja alikuwa ameshakung'uta shuka jingine, lisilo na doa lolote, naye amesimama nalo peke yake, ncha mbili mkononi na nyingine zikiburuzika.

"Mama," akamwita Bibi, "wiki ijayo usitume mtu. Njoo mwenyewe. Njoo na huyu mchekaji wako, mje mapema, mkae."