Kesi ya Gundi

Sandali mbili ndogo zilitua mezani kwangu, juu ya misumari. Aliyezitupa alikuwa mshona nguo wa mtaa wa pili, mwanawe begani, sauti ikisikika hadi mtaa wa nyuma. Gundi yangu, alisema, imemuunguza mtoto miguu. Fundi gani huyu anayeshona sumu? Wateja watatu kwenye benchi wakaanza kuvitazama viatu vyao.

Nina miaka ishirini na mitatu katika kibanda hiki. Shule niliiacha mapema. Jina langu ndilo cheti changu, na jina likichafuka mtaani halina dobi. Tena wiki ile nilikuwa nimebadilisha gundi. Uso niliukaza.

Nikaomba kuuona mguu. Nyayo nimezishika nyingi: kiatu kibaya huchubua kisigino, huacha alama ya mkanda. Hapa mkanda haukuacha kitu. Malengelenge madogo yalikuwa katikati ya unyayo na pembeni mwa vidole. Mtoto alidondosha udenda kama bomba bovu. Nikauliza kama anakula. Mama akasema hajala tangu juzi. Homa ilitangulia, sasa anadeka tu.

Nikaukunjua mkono wake. Kiganjani, malengelenge yale yale.

“Dada,” nikamwambia, “mimi sishoni viatu vya mikono.”

Mmoja benchini akacheka. Mama hakucheka; alikwisha kumfunua mtoto mdomo, akaona vidonda ndani ya shavu. Nikamwambia awahi zahanati, gundi tutaigombania baadaye.

Alirudi baada ya siku kumi. Muuguzi aliutambua kwa kutazama tu: ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo, virusi vinavyowapitia watoto wadogo na kuondoka vyenyewe, ilimradi mtoto anywe maji ya kutosha na nyumba nzima inawe kwa sabuni. Chekechea yake ilikuwa na wengine wanne.

“Nisamehe, fundi,” alisema kwa sauti ya chini.

“Matusi ulinipa kwa kipaza sauti, radhi unanipa kwa mnong’ono?”

Benchi lilikuwa limejaa. Akaligeukia, akasafisha koo. Siku kumi nilikuwa nikiingoja sauti ile. Lakini mtoto alikuwa amelala begani, usingizi mzito wa aliyeshiba, unyayo mmoja ukining’inia mbele yangu, ngozi ya zamani ikibambuka kama ganda la kitunguu, mpya ikichungulia.

Nikaweka kidole mdomoni kumwashiria mama anyamaze, nikaishusha nyundo polepole.