Uso wa Jacira

Jacira alikuwa akiparua samaki jikoni kwa Bi Odaléia, mjini Belém, Brazili, Lorena alipomwita sebuleni. Sheria mpya ilikuwa imeanza kazi: ili watoto walindwe, programu ya video haikufunguka kabla simu haijamtazama mtu usoni na kukadiria umri wake. Lorena, binti wa Bi Odaléia, alikuwa na miaka kumi na mitatu, na simu ilimpa hiyo hiyo, ikamkatalia.

"Hebu jaribu wewe. Una sura ya kazi."

Jacira alikuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja. Aliletwa kutoka kisiwa cha Marajó ili alelewe kama mtoto wa nyumba na kusomeshwa. Kufikia siku hiyo alikuwa amefundishwa kupika. Simu ilimtazama, ikampa miaka thelathini. Programu ikafunguka. Jacira akarudi kwa samaki wake akiwa na miaka thelathini.

"Afadhali," alisema Bi Odaléia. "Sasa utalifikia kabati la juu."

Simu ilisahau kila siku, na kila asubuhi Lorena aliita, "Jacira, leta uso!" Uso ulirudi jikoni umezeeka zaidi. Mvua kubwa zilipofika, nywele zake zilikuwa nyeupe.

Ndipo Benedita, mama yake, alipokuja kwa meli, na unga wa muhogo na sare ya shule.

"Nibariki, mama," alisema Jacira, kama mtoto yeyote wa kwao amwonapo mkubwa.

"Mungu akubariki. Umekua, mwanangu. Sare itakubana."

Ilimbana. Wakaenda shuleni hivyo hivyo. Mwalimu mkuu aliinua simu yake mbele ya uso wa Jacira, akaisoma.

"Watu wazima husoma jioni, mama. Sheria inalinda watoto. Hatuwezi kukuchanganya nao."

"Huyu nimemzaa mimi," alisema Benedita.

"Acha utani, dada. Huyu ni mkubwa wako."

Jioni Jacira alikuwa na chakula cha kupakua na vyombo vya kuosha. Benedita akamrudisha hadi langoni kwa Bi Odaléia. Wanapoagana, mdogo ndiye huomba baraka. Walisimama kidogo, kila mmoja akimngoja mwenzake. Kisha Benedita akainamisha kichwa.

"Nibariki, mama."

"Mungu akubariki," alijibu Jacira.

"Jacira! Uso!" Lorena aliita kutoka ndani.

Jacira akajifuta macho kwa sare ya shule, akaupeleka.