Mchezo Ulioitwa Zeyana

Jumamosi moja asubuhi, Biasha alikuwa kwenye cherahani yake, nyumbani kwake Kikwajuni, akishona sare za skuli. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, bintiye Nassra, mtoto wa miaka minane, alikuwa akicheza na wenzake watano sita kwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Biasha alisikia vishindo vya miguu, kicheko, mtu kuanguka na kuinuka. Kisha akaisikia sauti ya mwanawe.

"Nshakugusa. Sasa wewe ndiye Zeyana."

Mguu wa Biasha ukaganda kwenye kikanyagio. Akangoja, akidhani amesikia vibaya. Lakini watoto walikuwa wameanza kukimbia tena, wakiimba kwa pamoja, "Zeyana hanipati, Zeyana hanipati."

Akamwita. "Nassra."

"Naam, mama."

"Hebu njoo. Mchezo gani huo mnaocheza?"

"Zeyana." Mtoto alikuwa anahema, na vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Zeyana ni nani?"

Nassra akamtazama mama yake kama aliyeulizwa jua ni nani. "Si mtu, mama. Ni mchezo tu. Mmoja anakuwa Zeyana, wengine wanamkimbia. Akikugusa unaupata."

"Unapata nini?"

"Uzeyana."

"Na nani aliyekufundisha?"

"Skuli wanaucheza wote. Hata dada zao waliucheza."

Biasha akamwambia arudi kucheza. Alipoinama tena kwenye kazi yake aliushona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona ndani nje mara ya pili.

Zeyana alikuwa mtu. Alikuwa mtoto wa Bi Mwatum, mpika maandazi wa mtaa wa pili, na kwa miaka sita yeye na Biasha walikuwa chanda na pete. Skuli ilikuwa ile ile anayosoma Nassra sasa. Walikaa dawati moja, walikula andazi moja, na kengele ya mapumziko ikilia walikuwa wa mwanzo kufika uwanjani. Walicheza mdako mpaka kucha zikaisha kwa kudaka vijiwe. Waliruka kamba, walicheza kibe cha kujificha na kutafutana. Lakini mchezo wao hasa ulikuwa nage. Wasichana wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi kuukuu uliojazwa matambara, na waliomo katikati hukwepa. Anayeguswa anatoka, na wa mwisho akikwepa mara kumi na mbili huwarudisha wenzake wote waliotoka. Katika kukwepa, Zeyana hakuwa na mfanowe. Mpira ukimfuata kiuno, kiuno hakipo. Mara ngapi Biasha aliguswa mapema, akakaa pembeni kwenye mchanga akimhesabia shoga yake, tisa, kumi, kumi na moja, na Zeyana akamrudisha.

Zeyana alikuwa na kifafa. Skuli nzima hakuna aliyejua ila Biasha, na Biasha alijua kwa sababu Bi Mwatum alimkalisha jikoni siku moja, akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayekuwa naye. Akianguka, mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Kaa naye mpaka arudi. Na usimwambie mtu, kwani watu wana midomo." Biasha aliapa. Alikuwa na miaka tisa na alijiona mkubwa.

Walipokuwa darasa la sita, wasichana wa darasa lao walishindana nage na darasa la saba, na skuli nzima ikatoka kutazama. Mwishoni alibaki Biasha peke yake katikati. Alikwepa mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili mpira ulipita ubavuni, ukapangusa pindo la sketi yake. Aliusikia. Akasema haukumgusa. Darasa la saba wakapiga kelele, darasa la sita nao wakajibu, na mwisho wote wakakubaliana jambo moja, kwamba aulizwe Zeyana, maana Zeyana hasemi uongo.

Zeyana alimtazama shoga yake. Kisha akasema, "Umemgusa."

Basi. Ni hilo tu alilolifanya.

Kesho yake Biasha aliifungua siri yote mbele ya bomba la maji, wasichana wamemzunguka. Alisema kifafa. Alisema povu. Akaongeza ya kwake, kwamba ukimgusa unaupata. Na Zeyana alipokuja, asijue hili wala lile, akamshika mmoja wao mkono kama kawaida, Biasha ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Alicheka na kupiga ukelele kwamba yule aliyeshikwa sasa ndiye Zeyana, na yule akamgusa mwingine ili ajisafishe, na huyo akamgusa mwingine. Kengele ilipolia, mchezo ulikuwa tayari umeshazaliwa na jina umeshapata.

Zeyana alivumilia wiki saba. Alikaa dawatini peke yake. Hakumshitaki Biasha kwa mwalimu wala kwa mama yake. Wiki ya nane, wakati wa mapumziko, alianguka kando ya bomba. Uwanja wote ulikimbia, kwa kuwa ndivyo mchezo ulivyotaka. Biasha alijua la kufanya, alikuwa amefundishwa, na naye alikimbia pamoja nao. Alisimama ukutani akatazama mwenzake anapiga uso kwenye saruji, mara nyingi, mpaka mpishi wa skuli alipotoka jikoni na kumlaza ubavu. Zeyana alipoteza meno mawili ya mbele, na mdomo ukapasuka. Hakurudi tena skuli. Baada ya mwezi Bi Mwatum akafunga biashara ya maandazi, na watu wakasema wamehamia shamba kwa wakweze.

Hayo yalikuwa miaka thelathini nyuma. Biasha aliolewa, akazaa, akamzika mume, akalea. Kuna miaka ilipita hakumkumbuka kabisa. Sasa alilala siku tatu na jina lile sikioni, na siku ya nne akaenda Mji Mkongwe, kwenye duka la Parin.

Parin naye walisoma pamoja. Alirithi duka la baba yake la uzi, vifungo na rangi za ukili wa kusukia mikeka, na Biasha alikuwa mteja wake tangu aanze kushona. Siku hiyo alinunua uzi mweupe, akasitasita, kisha akauliza, "Parin, unamkumbuka Zeyana wa Bi Mwatum?"

Parin hakuinua macho kwenye uzi aliokuwa akiufunga. "Namkumbuka vipi, nami huonana naye? Huja kila mwezi wa Shaaban kununua rangi. Anasuka mikeka, yuko Kizimkazi."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Aliniomba nisikwambie."

Biasha akashika ukingo wa meza. Akamwomba Parin ampigie Zeyana simu, amuulize kama anaweza kwenda kumwona. Parin aliingia stoo na simu, akakaa huko muda. Alipotoka alisema, "Amesema njoo. Hakusema zaidi."

Alikwenda Alkhamisi. Alimkuta Zeyana uani, ndani ya ua wa makuti, amekaa kwenye mkeka ulio nusu, ukili wa zambarau umemzunguka. Alikuwa mwembamba vile vile. Kovu lilitoka chini ya pua likakata mdomo wa juu, na alipozungumza alikuwa na mazoea ya kuufunika kwa ncha ya kanga.

"Assalaam alaykum, Zeyana."

"Wa alaykum salaam. Karibu, kaa."

Biasha akaulizia Bi Mwatum, akaambiwa alifariki mwaka juzi. Akatoa pole. Akapewa maji, akayanywa. Kisha maneno aliyoyapanga njia nzima yakamtoka yote kwa pamoja, yamepinda. Alisema amekuja kutaka radhi. Alisema alikuwa mtoto. Alisema hapana, si kwamba alikuwa mtoto, alijua alichokifanya. Akalia.

Zeyana aliendelea kusuka mpaka Biasha alipomaliza kulia. "Nshakusamehe zamani, Biasha. Kinyongo nacho ni maradhi, na mimi moja lanitosha."

"Mungu akulipe kheri."

"Lakini nikuulize. Miaka thelathini hukuja. Leo kimekuleta nini?"

Hapo Biasha angeweza kusema lolote. Angesema ni umri, au ndoto. Lakini mbele yake alikaa mtu asiyesema uongo, akaona haya kumwongopea. "Mwanangu anacheza mchezo," alisema. "Ule ule. Skuli yote inaucheza. Hawajui ulikotoka."

Mikono ya Zeyana ikasimama. "Wanauitaje?"

Biasha akainamisha kichwa.

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako."

Zeyana akaweka ukili chini, akanyoosha kanga juu ya magoti, akainyoosha tena. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo. "Mama alikuwa akinifariji, ananambia watoto husahau. Ananambia, usilie, wameshasahau, hivi sasa wanacheza mchezo mwingine. Nikamwamini. Maisha yangu yote hapa, anapokuja mgeni kutoka mjini, najiambia hanijui, pale hakuna anayelijua jina langu. Na wewe umetoka Kikwajuni kuja kuniambia kwamba nimo bado. Kila siku. Ninakimbiwa kila siku."

Biasha alitaka kumshika mkono. Zeyana akauvuta mkono wake, taratibu, kama mtu anayeondoa chombo kisivunjike.

"Basi nifanye nini, Zeyana? Niambie, nitafanya."

"Sitaki unililie. Nataka uniondoe pale. Utakavyofanya ni shauri yako. Na ukishafanya usije kunambia mwenyewe. Nimekusamehe, lakini sitaki kuzowea tena uso wako. Mwambie Parin."

Akamsindikiza mpaka mlangoni mwa ua, kwa kuwa ndio adabu, akamtakia safari njema.

Jumatatu iliyofuata Biasha alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Haroub, kabla watoto hawajaingia. Alipomaliza kumweleza, mwalimu alivua miwani, akaifuta, akakaa nayo mkononi. "Hata mimi niliucheza hapa hapa," alisema. "Nilikuwa mwepesi, hawakunigusa hata siku moja. Wallahi sikujua kama ni mtu."

Akamruhusu azungumze na watoto kwenye mstari wa asubuhi. Biasha alisimama mbele ya sare alizozishona mwenyewe, safu kwa safu, na Nassra alikuwa safu ya tatu. Alisema kwamba Zeyana ni mtu mzima, yuko hai, na alisoma hapa, na alikuwa bingwa wa nage kuliko wote. Maradhi hakuyataja. Yale yalikuwa ya Zeyana mwenyewe, na Biasha alishayatangaza mara moja bila ruhusa. Alisema kwamba mchezo ule uliundwa ili kumuumiza, na ulimuumiza. "Aliyeuunda ni mimi," alisema. "Jina langu Biasha. Nakuombeni mliache jina la Zeyana." Watoto walimsikiliza kwa utulivu usio wa kawaida. Mwalimu Haroub akasema wamesikia, nao wakajibu kwa pamoja kwamba wamesikia.

Nassra hakusema naye siku hiyo, wala kesho yake. Siku ya tatu aliporudi alivua viatu, akakaa kizingitini, akasema bila kumtazama, "Hawasemi tena Zeyana."

Biasha aliacha kushona. "Alhamdulillahi. Wanacheza nini?"

"Ule ule."

"Wanauitaje?"

"Biasha."

Nje kulikuwa na muuza samaki anapita, na wote wawili walimsikiliza mpaka alipopotea. Biasha alikuja kukaa karibu na mwanawe. "Hayo ni sawa, mwanangu. Ni haki. Jina langu acha walichezee."

"Wanasema mimi nnao wa kuzaliwa," Nassra alisema. "Wanasema mimi sihitaji kuguswa." Machozi yalimtoka. "Kwa nini uliwaambia, mama? Hakuna aliyekuwa akijua. Wewe ulikuwa hujulikani."

Kila alilolijua Biasha la kumfariji mtoto, kwamba watoto husahau, kwamba kesho watacheza mchezo mwingine, lilikuwa limeshasemwa na Bi Mwatum kwa mwanawe, na sasa alijua thamani yake. Alimkumbatia, na Nassra alikubali kukumbatiwa, lakini mwili wake ulikuwa mgumu kama ubao. Mwalimu Haroub aliwaita watoto mara mbili, akawaonya. Mbele yake waliacha.

Ijumaa jioni Biasha alimpigia Parin. Alimwomba amfikishie Zeyana ujumbe kwamba jina lake limetoka. Parin akauliza limetokaje, na Biasha akamweleza yote, mpaka hilo la Nassra.

Baada ya saa moja simu ikalia.

"Nimempa habari," alisema Parin. "Nilipomwambia limetoka akasema alhamdulillahi. Akauliza, kama wewe ulivyouliza, sasa wanauitaje. Nikamwambia. Nikamwambia na la mtoto."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, huyo mtoto ana wa kukaa naye dawatini?"

Biasha alitazama uani. Nassra alikuwa kwenye mkeka na vijiwe vyake vya mdako, anarusha kimoja juu, anadaka, anarusha, anadaka. Alikuwa akicheza zamu yake na zamu ya mtu wa pili, na kila alipokosea alihamia upande wa pili wa mkeka.

"Biasha? Nimwambieje?"

"Mwambie hana," alisema Biasha.