Hodi ya Mkokoni

Baada ya sala ya adhuhuri Razan alikuwa akipangusa vumbi la seva kuu, katika ofisi ya afya hapo Amu, mtu akaitika nyuma ya kabati: "Karibuni!"

Alikuwa Bi Amal wa Mkokoni, aliyefariki mwaka jana akingoja boti ya wagonjwa. Razan akamsogezea kiti.

Seva kuu hupiga hodi kwa seva za akiba za Manda, Mbwajumali na Mkokoni, ili kila jina linaloandikwa Amu linakiliwe huko. Isiyoitika ndani ya muda uliowekwa hukatiwa mawasiliano. Muda ni mmoja kwa zote. Manda, penye uwanja wa ndege na hoteli, huitika papo hapo. Mkokoni, wanakoahidiwa mnara wa simu kila uchaguzi tangu watu wazima wa leo wakiwa watoto wa chuo cha Kurani, huitika mwenye hodi keshaondoka. Na boti haitumwi mpaka jina la mgonjwa lionekane kwenye seva ya kijiji chake.

"Twaitika, mwanangu," alisema Bi Amal, buibui likimchuruzika maji. "Nyinyi ndio hamngoji. Yeo nimekuya kwa ajili ya Sundus, binti yangu. Uchungu umemshika, na jina lake liko hapa Amu tu."

Razan akafungua mipangilio, akaipa Mkokoni peke yake muda mrefu zaidi. Zile nyingine hakuzigusa. Majina yaliyokwama yakaanza kwenda, polepole, ya zamani kwanza.

Bwana Ndirangu, mkuu wa ofisi, akaingia, akamwamkia marehemu.

"Nani kagusa muda?"

"Mimi, bwana. Mtandao wa Mkokoni ni mzito."

"Ukiwabembeleza hawa, kesho Mbwajumali nao watadeka."

"Niachie mpaka alasiri tu. Jina la Sundus liko njiani."

"Usawa ni usawa, Razan." Akaurudisha muda wa zamani yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, akaenda kula.

"Angekuwa bwana huyo ndiye azaaye," alisema Bi Amal, "saa zote za Amu zingesimama."

Boti haikutoka.

Alasiri ilipoadhiniwa, Sundus naye akatokea nyuma ya kabati, kama mamake, miguu imejaa mchanga, mtoto kifuani. Mamake akampokea mtoto. Ofisi haikuwa na kiti kingine, Razan akampa chake, akafanya kazi amesimama. Bwana Ndirangu aliporudi aliwapita kwa adabu, akaomba tu mtoto asilie karibu na mashine.