Upepo wa Mdogo Wake

Ubao mweusi uliotundikwa ndani ya banda la mashua ulikuwa na safu tatu, na Mwalimu alizichora kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya wanaojifunza, yaani wale waliokuwa bado wanafunga mafundo, wanapindua mashua kwa makusudi ili wajue kuiinua, na wanameza maji mengi ya bwawa kuliko walivyopenda kukiri. Safu ya pili ilikuwa ya wale waliokwisha kuruhusiwa kuzunguka maboya peke yao. Safu ya tatu ilikuwa ya washindani. Hiyo ilikuwa na mistari minne tu, na tangu washindani wa mwaka uliopita wavuke umri unaoruhusiwa, ilikuwa tupu.

Binti mkubwa wa fundi cherehani alikuwa ameukazia macho mstari wa kwanza wa safu ile kwa miaka miwili. Alikuwa na daftari ambalo ndani yake alichora kila zoezi, akaandika upepo ulikotoka na kosa alilofanya. Sheria za nani ampishe nani majini alizijua kuliko Mwalimu mwenyewe, na Mwalimu hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu.

Mdogo wake, ambaye wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alifika bwawani miezi saba tu iliyopita, tena hakufika kwa kupenda. Mama yao ndiye aliyesema, "Nenda na mdogo wako, asinivurugie vitambaa vya watu." Dada mtu akamchukua. Akamfundisha fundo la kwanza, akamshikia mashua siku ya kwanza alipopanda, akamcheka alipogongwa kichwa na boriti ya tanga. Alimpenda sana siku zile ambazo mtoto hakujua kitu.

Sasa jina la Chiriku lilikuwa kwenye safu ya pili, chini ya lake. Jumamosi mashua tisa, kila moja na mtoto mmoja, zingeshindana, na wanne wa kwanza wangehamia safu ya tatu.

Wepesi wa mtoto yule ndio uliomla moyo dada mtu. Chiriku hakuwa na daftari. Aliingia majini akiimba, akaishika kamba ya tanga kwa vidole viwili, na mashua ikamtii kama iliyozaliwa naye. Siku moja Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kisha akasema polepole, "Huyu ana mkono." Kwa miaka miwili dada mtu alikuwa amesifiwa bidii, nidhamu na mwandiko. Mkono wake haukuwahi kutajwa.

Alasiri ya Ijumaa aliporudi nyumbani alimkuta Mama kwenye cherehani akipunguza koti la kuelea.

"Mama, hilo koti langu."

"Lilikuwa lako. Sasa hulivai hata ukisukumwa na watu wawili. Huyu mwenzio linampwaya, ndiyo nalibana."

Chiriku alikuwa amekaa sakafuni akiokota pini. "Mimi nimerithi kila kitu cha Dada," alisema. "Viatu, vitabu, hata mafua."

"Nafasi yangu pia unataka kuirithi?"

"Nafasi ziko nne, Dada. Sisi wawili. Hesabu hiyo hata mimi naiweza."

Mama aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza, akamtazama binti yake mkubwa juu ya miwani.

"Mkamia maji hayanywi, mwanangu. Nenda kashindane. Usiende kugombana."

"Nani kagombana, Mama?"

"Hilo ndilo nakuuliza."

Asubuhi ya mashindano upepo ulikuwa mzuri, wa kutosha kulijaza tanga bila kumtisha mtu. Mwalimu aliwapanga watoto tisa ukingoni, akawakumbusha utaratibu: honi ya dakika tano, ya dakika nne, ya dakika moja, kisha ya kuanza. Watapanda dhidi ya upepo hadi boya la kwanza, watashuka na upepo hadi la pili, kisha watapanda tena hadi mstari wa kumalizia. Kila atakayemaliza atapigiwa honi yake.

"Na mnisikilize vizuri," alisema. "Kila mmoja anashindana na mashua nane. Atakayemkodolea macho mwenzake mmoja atapitwa na wale saba."

Dada mtu alianza vizuri kabisa. Honi ilipolia alikuwa juu ya mstari, tanga limejaa, hajatangulia wala hajachelewa. Alifika boya la kwanza akiwa wa tatu. Angetosheka hapo, kama wa pili asingekuwa Chiriku, ambaye alikuwa anaimba. Sauti yake ilimfikia juu ya maji, na kila neno lilikuwa kama chumvi kwenye kidonda.

Walipoanza kushuka alifanya jambo ambalo daftari lake lilikuwa na ukurasa mzima juu yake. Aliileta mashua yake nyuma ya mdogo wake, pale ambapo tanga lake lingemzuilia mwenzake upepo. Tanga la Chiriku likalegea, likapiga makofi mara mbili. Wimbo ukakatika. Dada mtu akampita karibu sana, akaliona lile koti lililobanwa.

"Aa, Dada," Chiriku alisema, "umeninyang'anya upepo."

"Ndiyo mashindano."

Baada ya boya la pili alikuwa wa pili, mdogo wake wa tatu, na mashua iliyokuwa nyuma yao ilikuwa mbali. Mtoto mmoja alikuwa amepinduka, anahangaika kuinua chombo chake. Kilichobaki kilikuwa kupanda hadi mwisho kwa kubisha, yaani kugeuza mashua mara kushoto, mara kulia, kwa sababu hakuna tanga linalokwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Upande wa kulia, karibu na nyumba ya pampu, maji yalikuwa yamekunjamana na kuwa meusi, dalili ya upepo mkubwa zaidi. Aliyaona. Chiriku naye aliyaona, akageuza kuelekea huko.

Dada mtu akageuza pia, akakaa mbele yake, akamzuilia upepo. Chiriku akarudi kushoto ili ajinasue, naye akarudi kushoto. Kila mgeuko uliila kasi ya mashua zote mbili, na walifika mahali wakawa wanageuka kabla hata hazijashika mwendo. Mara nane, mara kumi. Hakutazama tena maji wala boya. Alilitazama tanga moja tu, dogo, lenye kiraka alichokishona Mama. Honi ililia mahali fulani. Ikalia tena, na tena. Alizisikia kama mtu anavyosikia mlango wa jirani.

Akavuka mstari nusu mashua mbele ya mdogo wake, akainua ngumi juu.

Ndipo alipoona matanga sita yakiwa yameshashushwa, na wenye mashua wamekaa juu ya maji wakimtazama mtu aliyeshangilia kuwa wa saba.

Ukingoni Mwalimu aliandika majina manne kwa mwandiko wake ulionyooka. Dada mtu alisimama nyuma yake, maji yakimchuruzika.

"Mwalimu, nimevunja sheria yoyote?"

"Hapana. Yote uliyofanya yanaruhusiwa." Aliweka chaki mahali pake. "Mngekwenda kwenye pampu, mngekuwa wa pili na wa tatu. Msimu ujao nafasi zitafunguliwa tena."

Msimu ujao ulikuwa miezi sita mbele. Alitamani angeambiwa amekosa, apewe adhabu, yaishe.

Walilibeba tanga la Chiriku hadi bandani, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, Chiriku alitembea mwendo wote ule amefunga mdomo. Mlangoni akasimama.

"Dada, ungependa nisije tena?"

"Nani kasema hivyo?"

"Hakuna. Nauliza tu." Aliliegemeza tanga ukutani. "Nikija msimu ujao, utanifuata tena?"

Jibu zuri lilikuwa jepesi, na dada yeyote angelitoa. Binti mkubwa wa fundi cherehani alilitafuta kwa uaminifu, akaona halimo.

"Sijui," alisema.

Chiriku aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa upepo unatoka wapi. "Basi nitajifunza kukukimbia," alisema, na akaenda kuikausha mashua.