Miisho ya Wifi

Jamani, kuna watu wana ulimi mtamu! Wifi yake fundi cherehani alikuwa mmoja wao. Kila alasiri alikuja kibandani na riwaya kwapani, akavuta stuli, akasoma kwa sauti huku mwenzake akikanyaga cherehani. Fundi kusoma alijua, tena vizuri, ila mikono ilishinda kwenye nguo za watu. Basi akasomewa: wachawi, falme za mawinguni, manesi waliopenda wanajeshi. Penye raha cherehani ilikwenda mbio, penye uchungu mshono ulipinda.

Na kila riwaya, mwisho wa yote, aliyesubiri alipata wake.

"Umeona, wifi?" wifi alizoea kusema akifunga kitabu. "Hakungoja bure."

Fundi aliona, kwani naye alikuwa akingoja. Kaka yake wifi alimvisha pete, akaenda ng'ambo kutafuta maisha, miaka ikayoyoma na simu zikawa za nadra. Mwezi uliopita fundi umeme wa mtaa ule, mtu mpole asiye na makuu, alileta posa. Siku hiyohiyo wifi alimsomea habari za binti mfalme aliyemngoja mpenzi wake langoni mwa mji wa wachawi, mpaka akatokea juu ya farasi mwenye mabawa. Fundi cherehani alilia, nusura ajifute machozi kwa gauni la bibi harusi wa watu. Kesho yake akaikataa posa.

Leo wifi alitoka mara moja kununua soda, akaacha vitabu juu ya stuli. Fundi akashikwa na hamu ya kurudia pale pa farasi.

Farasi gani! Kitabuni binti mfalme alichoka kungoja, akaolewa na mhunzi, wakaishi kwa raha zao. Fundi alidhani kakosea kitabu, akatazama jalada. Ni chenyewe. Akafungua kile cha nesi: mwanajeshi hakurudi, nesi akampata mwingine, akazaa mapacha.

Wifi akaingia na chupa zake. "Mbona umekaa kama umeona jini?"

"Farasi yuko wapi?"

Wifi alicheka, kisha akaviona vitabu vimefunguliwa. Kicheko kikamkauka.

"Nilitaka ufurahi tu, wifi yangu."

"Usinifanye mtoto! Kaka yako kaoa?"

Wifi akageukia mlango.

"Kaoa?"

"Ana watoto wawili," wifi alisema, macho chini. "Tulijua kabla sijaanza kukusomea. Ungeondoka, wifi. Mama yangu hawezi hata kugeuka kitandani, na wewe ndiye unayemwogesha. Mimi peke yangu ningefanyaje?"

Fundi alimtazama mwanamke huyu aliyemwita dada. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe alizuiliwa kwa hadithi, naye akizimeza tu, akiomba nyingine!

Lakini bado alitaka kitu kimoja kibaki kizima. Asubuhi ileile yule mama alikuwa amemshika mkono, akamwita mwanangu.

"Mama hajui haya," alisema. "Niambie hajui."

Wifi akaweka soda chini polepole.

"Vitabu ananunua yeye," alisema. "Hata huyo farasi, yeye ndiye aliyeniambia nimtie mabawa."