Hirimu wa Ng'ambo ya Mto

Meja Jenerali Bounkeut alikuwa amesema uongo mmoja tu mkubwa katika utumishi wake wote wa jeshi, na aliyedanganywa alikuwa amekaa mbele yake, upande wa pili wa meza, akikoroga kahawa.

Huyo alikuwa Meja Jenerali Anuwat, kamanda wa Wathai wa ng'ambo ya mto Mekong; Bounkeut alilinda upande wa Laos. Miaka minne nyuma, kwenye kikao chao cha kwanza, Anuwat alimuuliza swali ambalo watu wa mto ule huulizana kabla hata vikombe havijapoa: "Umezaliwa mwaka gani?" Si umbea. Usipojua umri wa mtu hujui umwite kaka au mdogo wangu, na bila hilo mazungumzo hayaendi popote. Anuwat alikuwa wa mwaka wa farasi, kwa kalenda ya kule inayoipa miaka majina ya wanyama. Bounkeut alikuwa wa mwaka wa nyani, miaka miwili baadaye. Lakini Wathai wana mazoea ya kuwaita Walao wadogo zao, nchi nzima kwa jumla, vikongwe na watoto wachanga, na Bounkeut alikuwa ameapa moyoni kwamba hataingia chumba kile kama mdogo wa mtu.

"Farasi," akajibu, bila kupepesa macho.

Basi ikawa furaha. Hirimu wawili, majenerali wawili, mto mmoja katikati. Wazee wakaitwa, wakawafunga nyuzi nyeupe mikononi, wakawafanya siao, yaani marafiki wa kiapo ambao shida ya mmoja humnyima mwenzake usingizi. Siao lazima wawe wa umri mmoja. Hilo ndilo sharti lenyewe.

Na kiapo kile, kilichosimama juu ya uongo, kilifanya kazi ya kweli. Ng'ombe wakivuka mto, simu. Wavuvi wakigombania nyavu, simu. Miaka minne, na hakuna risasi hata moja iliyotoka kwenye bunduki.

Sasa kulikuwa na boti. Juzi alfajiri, boti ya doria ya Wathai ilikwama kwenye fungu la mchanga ambalo kila mtu wa mtoni anajua ni la Laos. Ndani yake walikuwamo askari sita na silaha zao. Watu wa Bounkeut waliwakamata, wakawalisha, wakawaweka chini ya ulinzi. Jana jioni mkubwa wake akapiga simu kutoka makao makuu Vientiane: Anuwat akiri kosa kwa maandishi kabla ya saa sita mchana, la sivyo taarifa ya uvamizi itasomwa redioni na kikosi cha pili kitasogea mtoni. Bounkeut alikijua kikosi cha pili. Vijana wa milimani wale, wepesi wa kufyatua risasi. Kikisogea kile, miaka minne ingekwisha kwa asubuhi moja.

Anuwat alikunjua karatasi iliyotoka Bangkok akaisoma kwa sauti isiyo na ladha. Injini ilizimika kwa hitilafu, boti ikachukuliwa na maji.

Kanali Viengsay, msaidizi wa Bounkeut, ni mtu asiyejua kuuficha uso wake. "Samahani, Jenerali," akasema. "Injini hiyo nimeiwasha mwenyewe jana. Ilikubali mara ya kwanza. Nikatamani ingekuwa yetu."

"Labda ilishapumzika," akajibu Anuwat.

"Na pale maji ya mwezi huu yananifika magotini. Yaibebe boti nzima yakiwa na nguvu gani?"

"Kanali," Bounkeut akamkatiza, "nenda kaseme watuletee chakula barazani. Sisi wawili tu."

Wakaletewa kikapu kimoja cha wali wa kunata, samaki wa kuchoma na kibakuli cha pilipili ya kusaga. Wakala kwa mkono, kikapu kimoja, kama walivyokula miaka yote minne. Mto ulikuwa chini yao, na ukungu ulikuwa umeanza kuinuka.

"Siao," Bounkeut akasema, "karatasi ile hukuiandika wewe."

"Nimeisoma mimi."

"Nataka unieleze ilivyokuwa."

Anuwat alifinyanga tonge taratibu. "Wewe unataka ukweli. Bangkok wanataka injini. Mimi nataka vijana wangu sita. Nani aanze?"

Nyani haoni kundule, wasema Waswahili, na huyu nyani wetu alikuwa amekaa miaka minne bila kuliona lake. Asubuhi ile aliliona. Alikuwa anamtaka mwenzake atoe ukweli ambao yeye mwenyewe hajawahi kuutoa.

"Naanza mimi," akasema. "Sikuzaliwa mwaka wa farasi. Nilizaliwa mwaka wa nyani. Mimi ni mdogo wako kwa miaka miwili. Nilikudanganya, tukafungwa nyuzi juu ya uongo wangu, kwa sababu sikutaka kukuita kaka mbele ya watu wako."

Aliona aibu, tena aibu ya kitoto, yeye jenerali mwenye mvi.

Anuwat alitafuna mpaka akamaliza. "Najua."

"Unajua nini?"

"Faili lako nililisoma wiki nzima kabla ya kikao kile. Mwaka, mwezi, hadi jina la mkunga. Unadhani sisi tunalipwa kucheza gofu tu?"

"Ukajua, na bado ukakubali kufungwa?"

"Uliposema farasi ulinikazia macho kama bawabu. Nikajisemea, huyu hadanganyi kwa faida yake. Hataki nchi yake iitwe mdogo. Mtu wa namna hii atanisumbua sana, lakini hataniuza. Nikanyoosha mkono nikafungwa." Akachovya tonge kwenye pilipili. "Nikangoja uniambie mwenyewe. Umechelewa, ila umefika."

Bounkeut alimsogezea kikapu cha wali.

"Vijana wangu walikuwa wanawafukuza wauza vidonge vya kulevya," Anuwat akaendelea. "Ukungu ulikuwepo, lakini luteni wangu alijua amevuka. Aliniambia kwa redio kabla hamjamchukua. Kosa ni letu."

"Liandike."

"Nitaliandika. Lakini nikiliandika wakati vijana wangu wako mikononi mwako, Bangkok watasema nilikabwa shingo, na karatasi hiyo itafaa kufungia samaki. Nipe vijana na boti. Nikifika kwangu naandika, natia sahihi mbele ya maofisa wangu, nakuletea kabla ya saa sita. Watanichuna ngozi, najua. Nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, wacha wachune."

"Na usipoleta?"

"Wewe utakuwa umekwisha. Mimi nitakuwa nyumbani kwangu nakula."

Angalau hakuupaka ukweli sukari. Bounkeut alinawa mikono, akasimama, akaamuru askari sita waachiwe.

Viengsay alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Afande, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawa sita ndio ushahidi wetu. Wakivuka, tumebaki na nini?"

"Na neno lake."

"Neno halina mhuri, afande."

"Waachie, Kanali."

Boti ikasukumwa kutoka mchangani na askari wa pande zote mbili, suruali zimekunjwa. Injini ikawashwa, ikanguruma mara ya kwanza. "Mgonjwa kapona," akasema Viengsay, na hata Wathai wakacheka. Anuwat alikaa mbele, hakugeuka nyuma.

Saa tano na nusu simu ya Vientiane ikalia.

"Nasikia umewaachia," mkubwa akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Karatasi iko wapi?"

"Inakuja."

"Kasema nani?"

"Anuwat."

"Na huyo Anuwat unamwamini kwa lipi?"

Bounkeut aliutazama mto. Angeweza kutaja vikao, mikataba, simu za usiku na mchana. "Alijua aibu yangu miaka minne, mheshimiwa," akasema. "Hakuitumia hata mara moja."

"Saa sita ni saa sita," mkubwa akasema, akakata.

Ikabaki dakika ishirini. Ikabaki kumi. Viengsay alikuwa anaitazama saa yake kila mara kama mtu anayesubiri uji uchemke, na Bounkeut, kusema kweli, hakuwa na wasiwasi mwingi. Alikuwa na njaa. Dakika saba kabla ya saa sita mtumbwi wenye kitambaa cheupe ukagusa ukingo, kapteni wa Kithai akapiga saluti na kutoa bahasha.

Mhuri ulikuwepo, sahihi ilikuwepo. Mpaka ulivukwa kwa kujua, barua ilisema, na kosa ni letu. Juu kabisa, kwa mwandiko wa Anuwat mwenyewe, palikuwa na maneno haya: Kwa Meja Jenerali Bounkeut, siao wangu, niliyezaliwa naye mwaka mmoja.

Bounkeut aliusoma mstari ule mara mbili. Hata leo, hata kwa mhuri wa serikali, mzee yule alikuwa bado anamfichia uongo wake.

Akapiga simu Vientiane, akaisoma barua neno kwa neno. Kisha akapiga ng'ambo, maofisa wake wote wamesimama wanasikiliza, na kapteni wa Kithai pia.

"Imefika," akasema. "Ahsante, kaka."

Viengsay aliinua kichwa, akamtazama mkubwa wake kwa muda mrefu. Kwenye simu Anuwat alikohoa.

"Hebu rudia," akasema. "Huku mawasiliano ni mabaya."

"Nimesema ahsante, kaka. Na mawasiliano ni mazima kama ile injini yenu."